Sijawahi kunyunyiza dawa shambani: je, shamba langu tayari ni la kilimo hai?

Mrithi wa Jembe ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nina shamba la ekari tatu nililoachiwa na marehemu mama yangu, na kwa miaka sita ambayo nimelilima sijawahi kutia mbolea ya dukani wala kunyunyiza dawa ya wadudu. Mwanzoni ilikuwa ni kwa sababu sikuwa na fedha za kununulia, lakini baadaye nilizoea na nikaanza kuona fahari kulima hivyo. Msimu uliopita alikuja mnunuzi aliyekuwa akitafuta mazao ya kilimo hai, akatembea shambani kutoka mwanzo hadi mwisho, akasifu, kisha akaniomba cheti. Nilipomweleza kwamba sina cheti ila majirani wote wananijua na wanaweza kunishuhudia, alifunga daftari lake akasema kwamba kwa ushahidi huo hawezi kununua kwa jina hilo. Tangu siku ile jambo hili limenikaa moyoni.

Naomba mnieleweshe. Mtu asiyetumia kemikali si tayari mkulima wa kilimo hai kwa kitendo chake chenyewe? Nimesikia pia kwamba anayeomba ithibati huambiwa asubiri miaka miwili au mitatu, nami sielewi ningekuwa nasubiri nini ikiwa shambani mwangu hakuna sumu inayotakiwa kuondoka. Na iwapo ni lazima kukaguliwa, mkulima wa ekari tatu atawezaje kumlipa mkaguzi anayesafiri kutoka mbali?

Ili mnishauri kwa haki, naeleza shamba lilivyo. Liko kwenye mteremko wa wastani na hupandwa mahindi kila mwaka, pamoja na maharage kidogo pembezoni. Mbegu za mahindi nanunua dukani, zile zenye rangi ya waridi, kwa kuwa za kuhifadhi nyumbani zilikuwa zikiliwa na fukusi. Mabua huwa nayachoma baada ya mavuno ili shamba liwe safi. Jirani wa upande wa juu hutumia dawa ya kuua magugu kila mwanzo wa msimu. Nikiri pia kwamba mavuno yamepungua, kwani mwaka wa kwanza nilipata magunia 24 na msimu uliopita nimepata 14.

---

Mkaguzi Mstaafu amejibu:

Ndugu Mrithi, pole kwa kuondokewa na mama, na hongera kwa kulishikilia shamba lake. Nilikagua mashamba kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na maelezo yako nimeyasoma mara mbili, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Umesema hujawahi kutumia kemikali, kisha mistari michache baadaye umesema unapanda mbegu zenye rangi ya waridi. Rangi ile huwekwa makusudi ili kuonya kwamba mbegu imepakwa dawa, mara nyingi ya kuua kuvu na wakati mwingine ya kuua wadudu, mtu asije akaila au akawalisha kuku. Kwa hiyo kila msimu kwa miaka sita umekuwa ukiifukia dawa ardhini pamoja na mbegu, punje kwa punje.

Sikuambii hivi kwa kukulaumu. Nakumbuka niliketi na mkulima mmoja chini ya mti, daftari likiwa magotini, akiniapia kwamba sumu haijawahi kukanyaga shambani mwake, nami macho yangu yakawa kwenye vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa na rangi ile kwenye mikunjo ya ngozi na chini ya kucha kwa sababu alikuwa ametoka kupanda asubuhi hiyohiyo. Hakuwa akisema uongo. Kwake dawa ilikuwa ni kile kinachotoka kwenye bomba la mgongoni, na hakuna aliyewahi kumweleza vinginevyo. Mkaguzi huulizia mambo mengi ya namna hii ambayo mkulima hayahesabu, kama vile magunia yaliyokuwa na mbolea ya viwandani ambayo sasa yanahifadhia mavuno, bomba lililoazimwa kwa jirani, nguzo za uzio zilizopikwa kwa dawa ya kuzuia mchwa, na samadi ya kuku iliyonunuliwa kutoka ufugaji wa viwandani, ambayo Umoja wa Ulaya hauiruhusu.

Sasa nije kwenye cheti. Watu wengi hudhani kwamba ithibati ni kupima mazao kwenye maabara na kuona kama yana masalia ya sumu. Vipimo vipo na hufanywa, lakini ithibati ya kilimo hai ni ya mwenendo wa uzalishaji: namna udongo unavyorutubishwa, mazao yanavyozungushwa, mbegu zinakotoka, wadudu wanavyozuiwa, na mavuno yanavyotenganishwa na mengine tangu shambani hadi ghalani. Mahindi mawili yanaweza kutoka maabara yakiwa safi sawasawa, na moja tu likawa la kilimo hai. Ndiyo maana ushahidi wa majirani haukumtosha yule mnunuzi, kwa kuwa majirani wanaweza kushuhudia wasichokiona ukifanya, lakini hawawezi kushuhudia unachokifanya kwa ajili ya udongo msimu hadi msimu.

Kuhusu kusubiri, viwango havifanani. Katika Umoja wa Ulaya shamba la mazao ya msimu linatakiwa kuwa chini ya usimamizi wa kilimo hai kwa angalau miaka miwili kabla ya kupanda zao litakalouzwa kwa jina hilo, na mazao ya kudumu yasiyo malisho, kwa mfano miti ya matunda, husubiri angalau miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza ya namna hiyo. Nchini Marekani huhesabiwa miezi 36 tangu kitu kilichokatazwa kilipotumika mara ya mwisho kwenye ardhi hadi siku ya kuvuna, hivyo mtu mwenye kumbukumbu za kuaminika anaweza kukuta muda wake umeshatimia kabla hata hajaomba. Ulaya pia huweza kuutambua muda uliopita, ila kwa uthibitisho wa maandishi. Wewe huna maandishi, na mbegu zako zilikuwa na dawa, kwa hiyo hata kwa kiwango kilicho laini hesabu yako ingeanza pale ulipopanda mbegu zile kwa mara ya mwisho.

Huenda ukaona masharti haya yametungwa na watu wa ofisini ili kuwasumbua wakulima, lakini chanzo chake ni wakulima wenyewe. IFOAM, shirikisho la kimataifa la vyama vya kilimo hai, liliundwa mwaka 1972 huko Versailles, Ufaransa, na likatoa viwango vyake vya msingi mwaka 1980, wakati serikali nyingi zilikuwa bado hazijaliona jambo hili kuwa la kutungiwa sheria. Sheria ya Marekani ilipitishwa mwaka 1990, kanuni ya kwanza ya Ulaya ikafuata mwaka 1991, Codex Alimentarius, ambayo ni tume ya viwango vya chakula ya FAO na WHO, yaani mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, ikatoa mwongozo wake mwaka 1999, na Afrika Mashariki ikapata kiwango chake cha pamoja mwaka 2007, chenye alama ya Kilimohai. Mkulima aliyeacha kemikali na kuhangaika na magugu kwa mikono ndiye anayeumia wa kwanza pale mtu mwingine anapouza mazao ya kawaida kwa jina lile lile, na kwangu mimi sababu hiyo inatosha kabisa kuutetea utaratibu huu pamoja na usumbufu wake.

---

Bibi Mboji amejibu:

Mjukuu wangu, Mzee Mkaguzi amekueleza habari za karatasi vizuri kuliko ambavyo ningeweza, kwa hiyo mimi nitasema na wewe habari za udongo. Naomba usinune kwa neno nitakalolisema. Kwa miaka sita umekuwa ukila akiba ambayo mama yako aliiacha ardhini. Kila gunia linalotoka shambani huondoka na nitrojeni, fosforasi na potasiamu, na wewe hukurudisha chochote. Mabua ambayo yangerudisha sehemu ya akiba hiyo umeyachoma, nitrojeni yake ikapanda na moshi, na majivu yaliyobaki kwenye mteremko yakachukuliwa na mvua ya kwanza. Magunia 24 yaliyogeuka 14 ndiyo hesabu ya akiba hiyo inavyokwisha. Kuacha mbolea ya dukani bila kuweka kitu kingine mahali pake ni kulitelekeza shamba, na viwango vyote ninavyovijua vinamtaka mkulima aendeleze rutuba kwa vitendo: samadi, mboji, mikunde, mazao ya kufunika udongo na mzunguko wa mazao.

Kiberiti kiache leo. Mabua yalaze kwa kukata mteremko yawe matandazo, au yaingize kwenye lundo la mboji. Mahindi kila mwaka mahali pamoja yaache pia, kwa kuwa yanawalea wadudu wale wale na kuchosha tabaka lile lile la udongo. Gawa shamba mapande, na kila msimu pande moja lipumzike na mahindi kwa kupandwa kunde au marejea, ambayo mizizi yake hushirikiana na bakteria kukamata nitrojeni ya hewani.

Mboji nataka nikueleze kwa kirefu, kwa sababu ndipo nilipoharibu zaidi nilipoanza, miaka 17 iliyopita. Lundo langu la kwanza lilikuwa samadi mbichi tupu. Lilinuka mkojo hadi macho yakawa yanawasha, nami kwa kukosa subira nikalisambaza shambani baada ya wiki tatu. Miche ya kabichi iliungua kingo za majani ndani ya siku chache, na magugu yaliyoota mwaka ule sijapata kuyaona tena, kwa sababu mbegu za nyasi zilizopita tumboni mwa ng'ombe zilikuwa hai zote. Nilipalilia msimu mzima nikiwa na hasira na mtu ambaye ni mimi mwenyewe.

Siku hizi naanza na tabaka la mabua makavu yaliyokatwakatwa, juu yake majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo, halafu narudia hadi lundo lifike kiunoni. Maji natia kiasi kwamba nikifumbata konzi ya mchanganyiko na kuikamua, tone moja au mawili yatoke kati ya vidole, yasizidi hapo. Katikati nachomeka chuma kirefu cha ujenzi. Siku ya tatu alfajiri, kabla jua halijatoka, utaona mvuke unapanda juu ya lundo kama chungu kilichofunuliwa, na ukichomoa kile chuma na kukishika kwenye ncha iliyokuwa ndani hutaweza kukivumilia hadi kuhesabu tano. Hapo ujue linafanya kazi. Chuma kikitoka baridi, ama ni kavu, ama limelowa mno, ama mabua yamezidi samadi. Linapoiva, joto hushuka, huwezi tena kutofautisha bua na jani, na harufu yake huwa ile ya msituni mvua inapokatika.

Joto hilo lina kazi yake kwenye viwango pia. Kanuni za Marekani zinataka mboji yenye samadi ianzwe na kaboni kati ya mara 25 na 40 ya nitrojeni, na kama ni lundo la kugeuzwa, ikae kati ya nyuzijoto 55 na 77 za Selsiasi kwa siku 15 na igeuzwe angalau mara tano katika muda huo, ili vijidudu vya magonjwa na mbegu za magugu vife. Samadi isiyopikwa namna hiyo inatakiwa ifukiwe angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake ya kuliwa hugusa udongo, na siku 90 kama haigusi. Ulaya nako huweka ukomo wa kilo 170 za nitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka, kwa sababu samadi ikizidi nayo huchafua maji ya ardhini. Mbinu hii ya matabaka, kwa asili yake, inaitwa ya Indore, kwa jina la mji wa India ambako Albert Howard aliiendeleza kati ya mwaka 1924 na 1931 kwa kuangalia kwa makini yale ambayo wakulima wa huko walikuwa wakiyafanya. Napenda kulitaja hilo kwa sababu wasomi husifiwa sana, na wakulima waliowafundisha husahaulika.

---

Mrithi wa Jembe ameandika:

Mzee Mkaguzi na Bibi, shikamoni, na ahsanteni kwa kunijibu bila kunipaka mafuta. Baada ya kusoma niliingia ghalani nikatafuta pakiti ya mbegu za msimu uliopita. Nimeipata imekunjwa kwenye tundu la ukuta, na nyuma yake imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba mbegu hizo zimetiwa dawa, zisiliwe na wala zisilishwe mifugo. Miaka sita nimekuwa nikizishika kwa mikono mitupu, na watoto wangu ndio wanaonisaidia kudondoshea mbegu shimoni. Jambo hilo limeniuma kuliko lile la cheti.

Nimekubali kwamba sikuwa mkulima wa kilimo hai. Nilikuwa mtu asiye na fedha za mbolea. Lakini bado nina mashaka mawili. Jirani yangu wa juu ni mtu mwema na simtaki ugomvi, ila dawa yake ya magugu hushuka na mvua hadi kwenye mistari yangu ya kwanza. Na habari ya gharama za ukaguzi bado hamjanijibu.

---

Mkaguzi Mstaafu amejibu:

La jirani ni jepesi kuliko unavyolidhania, ingawa linahitaji kujinyima kidogo. Viwango vinadai uwepo mpaka unaoonekana na ukanda wa kinga, na vingi, kikiwemo cha Marekani, havitaji upana wake kwa mita, kwa kuwa upepo, mteremko na aina ya dawa hutofautiana. Kwenye mteremko kama wako ningechimba mtaro wa kukinga maji mpakani, nikapanda juu ya tuta lake majani marefu yenye mizizi mingi, kisha mistari michache inayofuata nikaivuna peke yake na kuiuza kama mazao ya kawaida, huku nikiandika kiasi chake. Nenda pia ukazungumze naye kabla ya msimu. Mwombe akujulishe siku atakayonyunyiza na asifanye hivyo upepo unapovuma kuelekea kwako. Wengi hukubali wakiombwa kwa heshima, na barua fupi mliyoitia saini nyote wawili ni ushahidi mzuri sana machoni pa mkaguzi.

Mbegu nazo, ili nisisahau: viwango hutaka mbegu iliyozalishwa kwa kilimo hai, na pale ambapo haipatikani huruhusu mbegu ya kawaida isiyopakwa dawa. Iliyobadilishwa vinasaba hairuhusiwi kwa hali yoyote.

---

Katibu wa Kikundi amejibu:

Nijibu la gharama, kwa kuwa nimelibeba begani kwa miaka tisa. Ndugu Mrithi, mtu wa ekari tatu hapaswi kuomba ithibati peke yake. Zipo njia mbili za pamoja, na watu huzichanganya mara kwa mara.

Ya kwanza ni ithibati ya kikundi yenye mfumo wa udhibiti wa ndani. Wakulima huunda chombo kimoja, huchagua wakaguzi wao wa ndani, na kila mwanachama hukaguliwa na wenzake angalau mara moja kwa mwaka, kisha shirika la ithibati huja kukagua mfumo wenyewe na kuchukua sampuli ya wanachama. Cheti huwa kimoja na gharama hugawanywa. Kanuni ya Ulaya inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2022 imebana njia hii: kikundi hakiruhusiwi kuzidi wanachama 2,000, kinatakiwa kiwe na hadhi ya kisheria, ukubwa wa shamba au kipato cha mwanachama vina ukomo, na shirika la ithibati hulazimika kurudia ukaguzi kwa angalau asilimia 5 ya wanachama kila mwaka. Hii ndiyo njia ya wanaouza nje.

Ya pili ni mfumo shirikishi wa udhamini, ambao wakulima, walaji na wanunuzi wa karibu hutembeleana mashambani na kudhaminiana kwa kiwango walichokubaliana. Jina lake lilienea baada ya mkutano wa mwaka 2004 huko Torres, Brazili, lakini jambo lenyewe ni la zamani zaidi, kwani Wafaransa walikuwa wakidhaminiana hivyo tangu miaka ya 1970. Brazili na India zinautambua rasmi, na Afrika Mashariki wakulima waliomo humo wanaweza kutumia alama ya Kilimohai. Ulaya haiukubali kwa bidhaa zinazoingia kutoka nje, kwa hiyo uchague kwa kuangalia unamuuzia nani.

Usidhani njia hii ya pili ni ya mkato kwa sababu wanaokukagua ni watu mnaojuana. Kujuana huko ndiko kunakoifanya iwe nzito. Mwanachama mmoja wa kikundi chetu, ambaye alinisaidia sana nilipofiwa, alishambuliwa na viwavi wakati mimi niko safarini, akaazima bomba na dawa usiku. Wanawake wawili waliokwenda kumkagua waliona majani yenye madoa meupe yaliyokauka, wakamuuliza, naye hakuficha. Tulikaa kikao cha saa nne. Mavuno yake tuliyaondoa kwenye ghala la kikundi na shamba lake likarudishwa mwanzo wa kipindi cha mpito, yaani ule muda wa kusubiri aliouelezea Mzee Mkaguzi. Alitoka kikaoni bila kumuaga mtu yeyote. Siku ya pili nilikwenda nyumbani kwake na miche ya alizeti ya kuzungushia shamba ili ivute wadudu wanaowinda viwavi, tukapanda pamoja bila kusema mengi. Leo yeye ndiye mkaguzi wetu wa ndani aliye makini kuliko wote, kwa sababu anajua saa ambayo mtu hushawishika.

Tatizo letu kubwa halikuwa uzembe wa wakulima. Lilikuwa ni kwamba kikundi hakikuwa na mpango wa viwavi kabla viwavi havijaja.

---

Mwalimu wa Mimea amejibu:

Naongeza jambo ambalo mara nyingi huachwa kwa kuogopa kuwavunja moyo wanaoanza. Kilimo hai hakimaanishi shamba lisiloingia dawa ya aina yoyote, wala kitu cha asili si salama kwa kuwa ni cha asili. Viwango huwa na orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kwa masharti. Mwarobaini na pareto vimo katika orodha nyingi. Dawa za shaba, zikiwemo zile za mrututu, zimo pia, lakini shaba haiozi, hujilimbikiza kwenye udongo na kuwadhuru minyoo, na ndiyo maana Ulaya imeweka ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka saba. Maji ya tumbaku, ambayo bado nasikia watu wakiyapendekeza kama dawa ya kienyeji, yana nikotini ambayo ni sumu kali kwa anayenyunyiza, na viwango vikubwa vimeikataa. Yeyote atakayekupa kichocheo cha dawa, muulize kwanza kama kimo kwenye orodha ya kiwango chako, na dawa iwe hatua ya mwisho, baada ya mzunguko wa mazao, aina ya mbegu inayostahimili, usafi wa shamba na kuwahifadhi wadudu marafiki.

La mavuno pia lisemwe kwa uwazi. Karibu na mji wa Basel, Uswisi, kuna jaribio linaloendelea tangu mwaka 1978, ambapo mifumo ya kilimo hai na ya kawaida hulimwa kwenye udongo mmoja bega kwa bega. Matokeo ya miaka 21 ya kwanza yalionyesha mavuno ya kilimo hai kuwa chini kwa asilimia 20, huku mbolea na nishati iliyotumika ikiwa chini kwa asilimia 34 hadi 53, na udongo wake ukiwa na uhai mwingi zaidi. Wewe, ndugu Mrithi, hulinganishwi na mkulima wa Uswisi anayetia mbolea ya kutosha. Unalinganishwa na magunia yako 14 ya shamba lililochoka, kwa hiyo nina imani kwamba mboji ya Bibi na mikunde vitakupandisha, lakini usitarajie hayo katika msimu wa kwanza. Jiwekee akiba ya misimu miwili ambayo utafanya kazi zaidi na kuvuna karibu kile kile.

---

Mrithi wa Jembe ameandika:

Nimewasoma wote, na baba mdogo nimemsomea kwa sauti kwa kuwa yeye ndiye tunayelima naye. Jana nilikwenda kwa jirani. Alishangaa kwamba maji yake yananifikia, akaja mwenyewe kuangalia mpaka, na amekubali tuchimbe mtaro pamoja kabla ya mvua. Mabua ya msimu huu yako shambani, hayakuchomwa. Kuna watu wanane upande wetu wanaolima bila dawa, na Jumapili tutakutana kwangu kuzungumza habari ya kudhaminiana, kwa hiyo Ndugu Katibu nitakuandikia kwa faragha nikiomba nakala ya kanuni zenu za ndani.

Nimenunua daftari la kurasa 200. Swali langu la mwisho ni dogo: ukurasa wa kwanza niandike nini? Nilitaka kuandika tarehe ya leo, lakini baba mdogo anasema niandike tarehe niliyoanza kulima miaka sita iliyopita.

---

Mkaguzi Mstaafu amejibu:

Usiandike hata moja kati ya hizo mahali pa tarehe ya kuanzia. Andika siku ulipopanda zile mbegu za waridi kwa mara ya mwisho, taja ni upande gani wa shamba na ulitumia pakiti ngapi, kisha ile pakiti uliyoitoa ukutani ibandike hapohapo kwa gundi, upande wenye maandishi madogo ukitazama juu.